Mkahawa wa Matawi, Mkahawa Mdogo wa Mtaa au Kibanda: Unywee Wapi Kahawa Yako Nairobi?

Binamu yangu alihamia Nairobi kutoka Othaya mwezi wa Januari, akapata chumba South B na kazi Upper Hill. Wiki ya pili akanipigia simu. Nilidhani atauliza habari za maji au stima. Akauliza, "Wewe hunywea wapi kahawa?" Nikanyamaza kidogo, kwa sababu nina mahali patatu, na kila pahali napaendea kwa sababu yake.

Swali lake si dogo. Anayenunua kikombe kimoja kila siku ya kazi hununua vikombe zaidi ya 200 kwa mwaka. Hizo ni pesa, ni saa za maisha yako, na ni nyuso utakazozizoea kuliko za majirani mnaopanga ploti moja. Kwa hivyo nimeandika hapa nilivyomweleza, kwa ajili ya yeyote aliyekwama palepale alipokwama yeye.

Chaguo ni tatu. La kwanza ni mkahawa wa matawi: jina moja, matawi mengi, kwenye maduka makubwa, vituo vya petroli na majengo ya ofisi. La pili ni mkahawa mdogo wa mtaa, wenye tawi moja au mawili, ambao mwenye biashara utamkuta nyuma ya kaunta. Zamani ulikuwa jambo la Kilimani na Westlands, siku hizi unaukuta hata ghorofa ya chini ya majumba ya kupanga kando ya Thika Road. La tatu ni kibanda, na hapa naweka pamoja mama wa chai na muuza kahawa tungu wa jioni.

Nitavipima kwa mambo matano: kilichomo kikombeni, gharama yote kwa jumla, nafasi ya kukaa, watu, na mahali shilingi yako inapolala baada ya kuilipa.

Kilichomo kikombeni

Nianze na mkahawa mdogo, maana hapa ndipo unapovizidi vingine. Mji huu umezungukwa na kahawa. Mashamba ya Kiambu yako mlangoni, na mnada wa Nairobi Coffee Exchange hufanyika Wakulima House, karibu na Haile Selassie Avenue, mahali ambapo maelfu ya watu hupita kila siku bila kujua kinachouzwa ndani. Aina ya SL28, inayosifiwa duniani kote kwa uchachu wake mtamu, ilichaguliwa na Scott Laboratories pale Kabete miaka ya 1930. Na bado karibu kahawa yote ya Kenya husafirishwa nje, nasi tukabaki na ya unga kwenye pakiti. Mkahawa mdogo mzuri hukurudishia kitu kilichotoka kwenu. Utaambiwa kahawa imetoka kiwanda gani cha ushirika, Nyeri au Kirinyaga, na imekaangwa lini. Tarehe ya kukaanga ndiyo ya kuuliza: kuanzia siku chache baada ya kukaangwa hadi mwezi hivi, kahawa iko katika ubora wake. Anayekukaangia mwenyewe hukujibu bila kufikiri. Asiyejua, mshukuru na uagize chai.

Usibabaishwe na herufi AA kwenye ubao. AA ni ukubwa wa punje, zile zisizopita kwenye matundu ya chekeche ya milimita 7 hivi. Punje kubwa mara nyingi hupata bei nzuri mnadani, lakini nimekunywa AB, yaani punje ndogo kidogo, iliyoishinda AA iliyokaa rafuni miezi. PB nayo ni tunda lililozaa punje moja ya duara badala ya mbili bapa. Ukiiona, ijaribu.

Udhaifu wa mkahawa mdogo ni kwamba mkono hubadilika. Barista wa Jumatatu hupima gramu 18, hukandamiza kahawa sawasawa, husubiri nusu dakika, na kikombe kinakuja na povu la rangi ya asali. Barista wa Jumamosi ni mgeni na kikombe kinakuja kimeungua.

Mkahawa wa matawi hukuondolea wasiwasi huo. Kapuchino ya Rongai na ya Gigiri zinafanana, wafanyakazi wamefunzwa mahali pamoja, mashine zinafanyiwa huduma kwa ratiba. Haitakushangaza, lakini pia haitakuangusha, na kuna siku mtu anahitaji hivyo hasa. Kwa upande wa chakula mkahawa huu umeviacha vingine mbali: kifungua kinywa kamili, saladi, keki ya siku ya kuzaliwa, kinywaji cha mtoto.

Kibandani, kahawa ni ya unga ikiwa ipo, na ninakushauri usiende huko kuitafuta. Nenda kwa chai. Mama ninayekunywa kwake karibu na Mariakani Estate ana sufuria iliyoungua nje ikawa nyeusi tii, huku ndani inang'aa. Maji na majani huchemka kwanza pamoja na tangawizi aliyoiponda kwa chupa. Maziwa yanafuata. Povu linapanda hadi ukingoni, anainyanyua sufuria kwa kitambaa, povu linashuka, anairudisha motoni. Mara tatu. Ndipo anachuja kwenye thamosi. Sijapata mkahawa wowote wa kaunta ya mawe unaotoa chai inayoifikia hiyo, na nimejaribu mingi.

Kahawa tungu ni habari nyingine kabisa. Ni nyeusi, imechemshwa sana, ina tangawizi kali, na hunywewa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono. Majengo ya Pumwani utaiona bado kwenye dele la shaba lenye makaa chini yake. Katikati ya mji, wauzaji wengi hutembea na thamosi. Ni urithi wa pwani uliopanda reli ukaja bara, na kwa baridi ya Julai hakuna kinachoushinda.

Gharama yote kwa jumla

Kibandani kwangu kikombe cha chai ni shilingi 20 na mandazi 10. Kahawa tungu haizidi hapo. Mkahawa mdogo hukutoza kati ya 200 na 350 kwa kapuchino, na wa matawi mara nyingi kati ya 300 na 450, ikitegemea mtaa na ukubwa wa kikombe.

Fanya hesabu ya siku 20 za kazi. Chai na mandazi ni shilingi 600 kwa mwezi. Kapuchino ya 350 ni 7,000. Kwa kijana anayeanza kazi, hiyo ya pili ni nauli ya mwezi na akiba inabaki. Simwambii mtu asiinunue, ila aijue kabla haijawa mazoea.

Kuna gharama nyingine hazionekani kwenye ubao. Katika mkahawa wa matawi bei kwa kawaida tayari ina VAT ya asilimia 16, na ukikaa saa tatu utaagiza tena kwa aibu tu. Biashara ndogo ambayo mauzo yake hayafiki shilingi milioni 5 kwa mwaka hailazimiki kujisajili kwa VAT, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake kuwa nafuu. Ukihitaji risiti ya kampuni ili urudishiwe pesa zako kazini, uliza kabla ya kuagiza. Matawi watakupa bila maneno, mkahawa mdogo inategemea, kibandani usahau.

Malipo siku hizi si tatizo popote. Lipa na M-Pesa ilipoanza 2013 ilikuwa ya maduka. Sasa mama wa chai ana nambari yake imeandikwa kwa kalamu nene kwenye kipande cha katoni. Wengine hutumia Pochi la Biashara, ile M-Pesa ya wafanyabiashara wadogo, au nambari ya simu moja kwa moja, na kwa kuwa kutuma shilingi 100 kushuka chini hakuna ada, kikombe chako hakipandi bei.

Nafasi ya kukaa

Hapa mambo ni mepesi. Ukiwa na kompyuta, mkutano wa mtandaoni au mteja wa kukutana naye, mkahawa wa matawi ndio ulioandaliwa kwa hilo: intaneti, soketi, choo safi, maegesho, mlinzi mlangoni, na jenereta stima ikipotea. Saa zake pia ni za uhakika.

Mkahawa mdogo unaweza kuwa mtulivu zaidi, lakini chunguza kwanza. Niliwahi kufanya usaili wa kazi kwa video nikiwa kwenye mkahawa mdogo nilioupenda sana. Dakika ya kumi na mbili stima ikaenda, intaneti ikaenda nayo, na mwenyewe akabaki amesimama na mshumaa mkononi akiniomba msamaha. Kazi sikuipata. Bado naenda kunywa pale, ila mikutano nimeihamishia kwingine.

Kibandani ni benchi, mvua ikinyesha mnasogeleana. Dakika kumi zinatosha.

Watu

Hili ndilo lililomleta binamu yangu kwangu hasa, ingawa hakulisema hivyo. Mtu mgeni mjini hatafuti kafeini peke yake.

Kibandani unajulikana ndani ya wiki moja. Wiki ya pili mama haulizi tena kama unataka sukari. Ya tatu, ukisahau simu nyumbani, anakuandikia kwenye daftari lake na unalipa kesho. Nilipougua malaria mwaka jana nikakosa siku nne, siku ya tano niliporudi aliniambia, "Mwanangu, nilikuwa nimeshamtuma huyu wa bodaboda akuulizie." Yule wa bodaboda alikuwa ameketi palepale na kikombe chake, akatikisa kichwa kukubali. Kwenye benchi hilo nimepata fundi wa mabomba, nimepata habari ya nyumba ya kupanga kabla haijatangazwa, na nimesikia barabara gani ina maandamano kabla ya redio kusema. Mwalimu, fundi wa gereji, mwanafunzi wa chuo na mlinzi aliyetoka zamu ya usiku wanakaa bega kwa bega na kila mmoja anatoa neno.

Mkahawa mdogo una ukaribu wa namna nyingine. Mwenyewe anajua jina lako na unachopenda. Ukutani kuna picha za msanii wa mtaani zinazouzwa, kwenye kaunta kuna asali ya mfugaji fulani, keki za mama wa ghorofa ya tatu na sabuni za vijana wa hapo karibu. Ni biashara moja iliyobeba nyingine ndogo tano mgongoni. Wateja huwa wa rika na mapato yanayokaribiana, kwa hiyo mazungumzo ni rahisi lakini dunia yake ni finyu kuliko ya benchi.

Mkahawa wa matawi unakupa kitu ambacho wengine wawili hawawezi, nacho ni kutojulikana. Kuna mtu anataka kulia kidogo, kusoma barua ya hospitali, au kukutana na mtu wa ndoa ijayo bila mtaa mzima kujua. Mwanamke anayesubiri gari saa mbili usiku anahitaji mahali penye taa na mlinzi. Nimewasikia watu wakiyadharau matawi kwamba hayana roho. Mimi nimehifadhiwa humo siku mbaya, na siwezi kusema hivyo.

Shilingi yako inapolala

Wengi wanaponiambia wanataka "kusapoti biashara za hapa," huwa nauliza: za hapa kwa maana gani? Kuzaliwa hapa na kumilikiwa hapa ni mambo mawili.

Chukua mfano unaojulikana na kila mtu. Java House ilianzia Adams Arcade mwaka 1999, karibu na Toi Market, na ikaufundisha mji huu kukaa na kahawa. Mwaka 2012 hisa nyingi zilinunuliwa na Emerging Capital Partners, mfuko wa uwekezaji wenye makao Washington. Mwaka 2017 ikapita kwa Abraaj ya Dubai, na Abraaj ilipoanguka, mwaka 2019 ikawa chini ya Actis ya London. Jina ni letu, kumbukumbu ni zetu, wapishi na wahudumu ni wetu, faida ikawa ya wengine. Hilo halimaanishi usiende. Mkahawa mkubwa hununua kahawa, maziwa, mayai na mboga za hapa kwa wingi, na mfanyakazi wake ana barua ya ajira, anakatwa NSSF ya uzeeni na SHA ya matibabu, na ana likizo. Ukilinganisha na kijana aliyeajiriwa kwa mdomo kwenye biashara ndogo, usidhani kila mara dogo ndilo lenye haki zaidi.

Iko pia mikahawa ya matawi inayomilikiwa na Wakenya, na kama jambo hilo ni muhimu kwako, hulazimiki kubahatisha. Waulize. Ukitaka uhakika, hati ya CR12 inayoombwa kupitia eCitizen huonyesha wakurugenzi na wenye hisa wa kampuni yoyote iliyosajiliwa.

Mkahawa mdogo hulaza shilingi yako mtaani zaidi: kodi kwa mwenye jengo, mishahara ya watu watatu au wanne, kahawa iliyonunuliwa moja kwa moja kwa chama cha ushirika inapowezekana. Lakini ni biashara inayotembea kwenye ukingo. Mashine ya espreso hununuliwa kwa dola, kodi hupanda, na miezi miwili ya mvua na wateja haba hutosha kuifunga. Ukiupenda, wapelekee wateja wa Jumatatu na Jumanne. Jumamosi hujaa wenyewe.

Kibandani shilingi hailali kabisa. Shilingi 20 yangu ya asubuhi nimeiona ikienda kwenye ATM ya maziwa ya jirani saa tatu, kwa mama mboga saa tano, na kwenye chama cha Alhamisi jioni, ambako kila mwanachama hupokea kwa zamu na zamu hiyo ndiyo hulipa karo. Hatari yake nayo iko wazi. Hakuna bima, leseni ni vuta nikuvute na kanjo, yaani askari wa kaunti, na kibanda kinaweza kubomolewa usiku barabara ikipanuliwa. Mama wa kwanza niliyekunywa kwake chai Nairobi aliondolewa hivyo, na hadi leo sijui alienda wapi.

Nani kinamfaa

Mkahawa wa matawi unamfaa anayehitaji uhakika: mfanyakazi asiye na ofisi, familia yenye watoto, mgeni wa mji, anayetaka faragha. Mkahawa mdogo unamfaa anayependa kahawa yenyewe na aliye na nafasi kidogo mfukoni, au mwenye biashara ndogo anayetafuta rafu ya kuonyesha bidhaa zake. Kibanda kinamfaa anayehesabu pesa, anayeamka mapema, na mgeni mpweke kuliko wote, awe na pesa au hana.

Kulingana na hali yako

Umehamia juzi na humjui mtu? Chagua kibanda kimoja njiani kuelekea stendi, nenda saa ileile kila siku kwa wiki tatu, na usivae visikizi. Angalia tu kwamba vikombe vinasuuzwa kwa maji safi na sufuria imefunikwa.

Una mkutano unaoweza kubadilisha maisha yako? Tawi, na ufike nusu saa mapema upate meza karibu na soketi.

Una shilingi 1,500 za kahawa kwa mwezi, basi? Fanya chai ya kibanda siku za kazi, na Jumamosi mbili uende mkahawa mdogo. Shilingi 1,200 zinatosha, na zinazobaki zinunulie mtu mwingine.

Ofisi imekutuma uagize vitafunio vya watu 40? Gawanya. Matawi wataleta kwa wakati na kwa risiti. Lakini mama wa mandazi akiambiwa siku mbili mapema, akapewa nusu ya malipo mkononi ya kununua unga na mafuta, atakuletea mandazi ya moto, na oda hiyo moja kwake ni mauzo ya siku kadhaa.

Unakutana na mtu kwa mara ya kwanza? Kama hamjuani kabisa, tawi lenye watu. Kama mmeshaongea sana kwa simu, mkahawa mdogo, maana mtasikiana.

Na kama una mzazi anayekuja kutoka kijijini anakolima kahawa, mpeleke mkahawa mdogo unaokaanga wenyewe, asubuhi kabla hapajajaa. Binamu yangu alimpeleka mama yake mwezi wa Agosti, nami nikawa nao. Shangazi amechuma kahawa Othaya tangu akiwa msichana. Ameichagua nyekundu na kijani kiwandani, ameipima kwa kilo, amesubiri malipo ya ushirika miezi na miezi, na nyumbani kwake amekunywa chai siku zote. Barista alipomsikia akisema anatoka wapi, alienda nyuma akarudi na punje zilizokaangwa siku iliyotangulia, akamwekea kiganjani. Shangazi akazinusa kwa muda mrefu. Kisha kwa kidole gumba akaanza kuzisogeza moja moja, kama afanyavyo kiwandani, akaitoa moja iliyovunjika na kuiweka kando ya kisahani.